Abigael Nyamoita na Macho ya Mzee Ogari

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, wazee wa ukoo, walimu, majirani wa Itumbe na ninyi mliotoka Nyacheki, Nyansiongo na mjini Kisii, familia ya Mzee Ogari Nyangate inawashukuru kwa kufika nyumbani kwetu leo, Jumatatu tarehe 14 Novemba 1977, na inawaomba mketi vizuri, kwa maana maisha tutakayowasomea si mafupi, na shemeji yake marehemu, Abner Ogari, aliyekabidhiwa karatasi hizi, anajulikana tarafa nzima kwa kutojua kufupisha. Marehemu mwenyewe alimwambia hivyo mara nyingi, tena mbele ya watu, na kwa kuwa leo hawezi kumkatiza, yatasomwa yote.

Mama Abigael Nyamoita alizaliwa tarehe 11 Machi 1928 huko Nyacheki, mtoto wa tatu wa Mzee Obadiah Nyamongo na Mama Persis, wakulima wa wimbi na mahindi, ambao walikuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo wa Kanisa la Waadventista upande ule. Mama Persis, ambaye alitangulia mwaka 1961, alizoea kusema kwamba binti huyu hakuwa mvivu wala mtundu, kosa lake lilikuwa moja tu, kuwatazama watu usoni kupita kiasi, hata wageni, hata wazee, na kwamba kila Sabato ilimbidi amfinye mkono kanisani, kwa sababu aligeuka kwenye benchi akawa anazisoma nyuso za waumini badala ya kumsikiliza mhubiri.

Alianza masomo mwaka 1937 katika shule ya kanisa pale pale Nyacheki, akasoma hadi darasa la tano mwaka 1943, na walimu wake walimtumia kuchora ramani ubaoni kwa kuwa mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wao. Mwaka uliofuata mama yake aliugua mgongo, na Abigael akabaki nyumbani kulima na kulea wadogo zake, jambo ambalo hakulinung'unikia, ingawa alikiri baadaye kwamba kila alipoona chaki roho ilimuuma.

Siku ya Jumapili tarehe 18 Desemba 1949 alifunga ndoa na ndugu yetu mkubwa, Nyasani, mwana wa kwanza wa Mzee Ogari Nyangate na Mama Nyanchera, akaletwa hapa Itumbe, katika boma hili hili mlimoketi. Hapo ndipo mashaka ya macho yake yalipoanza, na vijana wa siku hizi wasikilize vizuri, maana wengi wenu mmeanza kuyasahau. Kwetu sisi Abagusii, mkamwana na baba mkwe wanatunziana heshima tunayoiita chinsoni, hawashikani mikono, hawaketi karibu, wakikutana njiani mmoja hupisha, na hawatazamani machoni kamwe. Sasa mumchukue binti aliyefinywa utoto wake wote kwa kutazama watu, mumweke katika boma ambalo mwenye boma hatazamwi, mpate picha ya kazi aliyokuwa nayo. Aliifanya bila dosari. Alimpikia Mzee, akamfulia, akamtilia maji ya kuoga, akamjua kwa kikohozi chake na kwa mguu wake wa kushoto uliokuwa ukiburuta kidogo, lakini uso wake hakuuinulia macho hata siku moja, na Mzee naye alimheshimu vivyo hivyo.

Mungu aliwajalia Nyasani na Abigael watoto wanne, nao ni Loice, aliyezaliwa mwaka 1950, ambaye sasa ni mwalimu, Nyangate, wa mwaka 1953, anayefanya kazi katika ofisi ya ushirika mjini Kisii, Mokeira, wa mwaka 1958, na kitinda mimba Ogari, aliyekuja mwezi wa Februari 1971 wakati ambapo sote tulidhani mlango umefungwa, akapewa jina la babu yake aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Kuhusu kazi, mwaka 1955 Nyasani alipata kibarua cha kuendesha trekta katika shamba la mzungu mmoja kule Nyansiongo, akahamia huko na mkewe, na Abigael akaajiriwa kufagia na kufua katika nyumba ya bwana shamba. Mzungu huyo alikuwa mzee, mpweke, na wafanyakazi walimwita Bwana Miwani kwa sababu alivaa miwani mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, kila alipoketi barazani kupaka rangi visanamu vya madini ya risasi, vichwa na mabega tu, vya kimo cha kidole cha shahada, vya majemadari na wafalme wa kwao wa zamani. Wenzake walimcheka kwamba mtu mzima anacheza na wanasesere. Abigael hakucheka, alifagia baraza ile mara nne kwa siku, hata kama haikuwa na vumbi, ili aone.

Mwezi wa Mei 1957 Bwana Miwani alilala kwa malaria siku sita, akaacha mezani jemadari mwenye jicho moja, la pili likiwa halijapakwa, na marehemu, kama alivyotusimulia mwenyewe, alivumilia siku tano, ya sita akashika burashi akamalizia lile jicho. Yule mzee alipopona akaliona, alipiga kelele nyumba nzima ikatetemeka, akasema atamfukuza yeye na mumewe na trekta yao, kisha akachukua kioo chake cha kukuzia, akaangalia kwa muda mrefu, akakirudisha mezani. Kesho yake asubuhi kulikuwa na kigoda cha pili barazani.

Hapo alifundishwa kwa miaka sita kwamba rangi huwekwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kama chai ya rangi na si kama uji, kwamba jicho hupakwa kwanza kabla ya ngozi, kwamba nyeupe ya jicho haipaswi kuwa nyeupe kabisa bali kama maziwa yaliyoangukiwa na tone la chai, na kwamba ukope wa juu ndio unaomfanya mtu awe hai, ukiukosea huo, hata ukipaka shavu la malaika, umepaka maiti. Mwezi wa Septemba 1963, mashamba yalipoanza kugawanywa, Bwana Miwani alirudi kwao, akamwachia Abigael sanduku lake lote, burashi, tyubu za rangi ya mafuta, tapentaini na miwani moja kati ya zile mbili. Nyasani na mkewe walirudi Itumbe kuwatunza wazazi, Nyasani akawa karani katika kituo cha kununulia majani chai, na Abigael, baada ya kuchuma chai yake asubuhi, akaweka meza ndogo chini ya dirisha la jikoni.

Mnamo 1964 alikutana sokoni mjini Kisii na Bwana Momanyi wa Tabaka, mchongaji wa mawe, ambaye yuko nasi hapa leo, wakakubaliana kwamba yeye atachonga vichwa vidogo vya watu wa historia yetu, wapiganaji wa kale, wanawake wa zamani na bangili zao, vijana waliobebeshwa mizigo katika vita vya Mjerumani, na Abigael atavipaka nyuso. Cha kwanza kiliharibika vibaya. Alipaka kama alivyofundishwa, akaongeza nyeupe mahali pa mwanga, na uso ukatoka umepauka kama mtu aliyeoga akakosa mafuta, Momanyi akauliza kama mpiganaji huyu alihifadhiwa ndani ya gunia la unga. Abigael alikasirika siku mbili, siku ya tatu akaketi mbele ya mumewe na burashi mkononi, akaitazama ngozi yake kana kwamba ameolewa jana, akagundua kwamba weusi wetu una nyekundu chini yake, kwamba kivuli chini ya shavu si cheusi bali kina buluu ndani, na kwamba mwanga wa paji la uso unataka manjano, si nyeupe. Tangu siku hiyo rangi ya kwanza aliyoweka kwenye jiwe ilikuwa nyekundu ya udongo wetu, na nyuso zikaanza kupumua. Walimu wa historia walivifuata visanamu vile kutoka Nyamira hadi mjini, na katika maonyesho ya kilimo ya mwaka 1966 alipewa cheti cha kwanza, ambacho alikitundika jikoni, si sebuleni, kwa sababu alisema jikoni ndiko kilikopatikana.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu, na familia imeona ni heri lisomwe lote. Kama mnavyojua, Mzee Ogari Nyangate alirudi kutoka vita vya Mjerumani mwaka 1918 na mguu mbovu, akaoa, na mwaka 1924 akatoa kipande cha shamba lake ijengwe shule. Kamati ya shule ilipopanga kujenga ofisi mpya, iliamua kwamba ndani yake iwekwe sanamu ndogo ya Mzee, kwa kuwa picha yake ilikuwa moja tu duniani, amesimama nyuma ya wanafunzi, na kofia imetia kivuli uso wote. Mwaka 1969 Bwana Momanyi alikuja akamweka Mzee chini ya upenu wa nyumba siku mbili, akamchonga kichwa cha ukubwa wa ngumi, mifupa ya uso, masikio, ndevu, kila kitu mahali pake. Kilichobaki kilikuwa rangi na macho. Mzee alifariki tarehe 3 Juni 1970 kabla havijawekwa.

Kamati ilimpa kazi hiyo fundi wa mabango wa mjini, ikiamini kwamba anayeandika maduka hawezi kushindwa na jiwe dogo, naye akamletea Mama Nyanchera mumewe mwenye midomo myekundu, macho meupe pe na nyusi kama za tangazo la sabuni. Watoto walicheka. Mama Nyanchera hakucheka, alilia, na hapo tulijua kilichokuwa moyoni mwake, kwa maana mapema mwaka ule wa 1971 daktari alikuwa amemwambia kwamba ana presha ya macho, jicho moja limekwisha, na la pili litafunga kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa akingoja sanamu ile ili amwone mumewe mara moja tena wakati bado anaona. Basi alimwita mkamwana wake akamwambia, "Abigael, nipakie wewe."

Wazee wa ukoo walikutana juu ya neno hilo, wengine wakasema mkamwana hawezi kushika uso wa baba mkwe, achilia mbali kuutia macho, na mazungumzo yalikuwa yakirefuka mpaka Mama Nyanchera aliposimama mlangoni akawauliza kama wanaliona jiwe la Tabaka au wanamwona mumewe, kwa sababu mumewe alizikwa pale nyuma ya nyumba na wao ndio walioshika majembe. Wazee waliruhusu. Abigael akasafisha jiwe kwa tapentaini na msasa, akaketi chini ya dirisha lake, akaweka nyekundu ya udongo, kisha akakwama, kwa sababu alitambua jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria, kwamba katika tarafa nzima mtu pekee anayeweza kuupaka uso ule ndiye mtu pekee wa boma hili ambaye hakuwahi kuutazama.

Alianza kuuliza watu. Alimuuliza shemeji yake, huyu anayewasomea, macho ya baba yake yalikuwaje, naye akajibu bila kusita kwamba yalikuwa makali, ya kukukausha mate, na kusema kweli hivyo ndivyo alivyoyajua, kwa kuwa katika utoto wake aliitwa mbele ya baba yake kwa makosa tu, na makosa yalikuwa mengi. Abigael akapaka macho makali, Mama Nyanchera akakishika kisanamu karibu na dirisha, akasema huyu ni askari wa chifu. Mchungaji akaeleza kwamba Mzee alikuwa na macho ya kucheka, yakapakwa ya kucheka, Mama akasema huyu anauza vitunguu. Majirani wakasema kwa nini anahangaika, mtoto mchanga amechukua jina, basi babu amerudi, atazame macho ya mtoto, na Abigael, kwa kuwa alikuwa amechoka, akamtazama mwanawe Ogari wiki nzima akinyonya na asiponyonya, akapaka, na Mama Nyanchera akasema kwa upole kwamba huyu anatafuta ziwa. Kila mara alifuta akaanza upya, na wiki kumi zilipita, na jicho la mama mkwe wake lilikuwa likipungua.

Siku moja mwezi wa Julai shemeji yake alimkuta ameketi na miwani ya Bwana Miwani imelowa, naye akamwambia maneno ambayo hakuyasahau, "Shemeji, ninyi nyote mlimwona. Mimi nilimpikia miaka kumi na mitatu na sikumwona."

Jumapili iliyofuata Abigael alimpelekea mama mkwe uji, akainama mlangoni, na alipopita mbele ya kiti cha Mzee, ambacho kilikuwa kitupu zaidi ya mwaka, kichwa chake kiligeuka chenyewe kwa mazoea, akatazama ukutani kama alivyofanya siku zote. Akasimama pale na uji mkononi. Alikumbuka kwamba hakuwa akigeuka peke yake. Kila alipoingia, miaka ile yote, yeye aligeukia ukutani na Mzee aligeukia upande mwingine, na katika pembe ya jicho lake, bila kukusudia, bila kuvunja heshima, alikuwa amemwona, shavu moja, ukope ulioshuka, jicho limekwenda kushoto na chini kidogo, na kona ya mdomo iliyotulia. Uso mzima hakuwa nao, lakini huo alikuwa nao mara elfu. Aliweka uji chini akarudi mbio, na Mama Nyanchera alilalamika baadaye kwamba siku ile alikunywa uji wa baridi.

Alipaka siku tatu. Aliweka macho kwanza, yakielekea kushoto, nyeupe yake ikiwa na tone la chai, ukope wa juu mzito umeshuka, kisha ngozi, buluu chini ya shavu, manjano juu ya paji, na mwisho mikunjo kwa burashi ambayo alikuwa ameing'oa nywele mpaka zikabaki tano. Hakumwonyesha mtu yeyote.

Ofisi ilifunguliwa Jumapili tarehe 15 Agosti 1971, umati ulikuwepo, na kitambaa kilipofunuliwa, watu walinong'ona. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ametuomba msamaha na tukacheka naye, alisema mbele ya wote kwamba mwanzilishi wa shule anapaswa kutazama mbele, huyu anaonekana kama anatafuta kuku aliyepotea. Na shemeji yake marehemu, kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, aliona haya, akamfuata Abigael pembeni akamwambia akipeleke nyumbani akipake tena. Abigael alikichukua kisanamu, akakiweka mezani mbele ya Mama Nyanchera, akarudi nyuma hatua tatu.

Mama alikitazama kwa lile jicho moja, akakaribia, akasogea mbali nacho, na sisi wanawe tulishusha vichwa kwa kudhani kwamba ameshindwa kumtambua tena. Kisha akauliza, "Anaangalia wapi?" Akaambiwa, anaangalia kushoto, Mama, chini kidogo. Akaagiza aletewe kigoda, si kiti, kigoda kifupi, akakiweka mwenyewe upande wa kushoto wa meza, akaketi, akainua uso. Halafu akacheka, mama huyu ambaye hatukumsikia akicheka tangu msiba, akasema, "Ananiangalia mimi. Kila huyu mtoto alipoingia na chakula, Mzee alimgeuzia uso akaniangalia mimi."

Ni kweli, na sisi sote tuliokulia katika nyumba ile tulijua, kigoda cha mama kilikuwa siku zote kushoto mwa kiti cha baba, lakini nani kati yetu alikuwa amefikiri kwamba heshima aliyompa mkamwana wake ilikuwa pia ndiyo saa yake ya kumtazama mkewe? Abigael mwenyewe hakujua. Alikuwa amepaka alichokiona, na alichokuwa amekiona kilikuwa mapenzi ya watu wengine. Mama Nyanchera alikichukua kisanamu nyumbani, akakiweka kulia kwa kigoda chake, wakatazamana hadi mwezi wa Desemba, jicho lake lilipofunga, kisha akakirudisha shuleni kama alivyoahidi.

Baada ya hapo watu walikuja kutoka Nyamira, Nyansiongo na Nyacheki wakitaka nyuso za wazazi wao waliokufa bila picha, na Abigael alipaka zaidi ya mia mbili, kwenye mawe ya Bwana Momanyi, naye alimuuliza kila mteja kwanza swali moja, ambalo wengine waliliona la ajabu, si macho ya mzazi wako yalikuwaje, bali alipenda kumtazama nani. Alimfundisha kazi hiyo binti yake Loice, na wasichana wawili wa jirani, na alikuwa mkali kwao kuliko Bwana Miwani. Kanisani alikuwa shemasi tangu 1968, akahudumu kwa uaminifu, na msomaji wenu hatasema kwamba alikuwa hana kasoro, kwa maana alikuwa mbishi, aliunguza mboga kila alipokuwa akipaka jicho, na shemeji akimtembelea alimpa kazi ya kusugua mawe kwa msasa badala ya chai.

Mwezi wa Januari 1976 alianza kuvimba miguu na kuchoka, akatibiwa, na ikagundulika kwamba figo zake zina matatizo. Alipata nafuu akaendelea na kazi, lakini kufikia Agosti mwaka huu mkono ulianza kutetemeka, na tarehe 19 Septemba alilazwa katika hospitali kuu ya Kisii. Akiwa kitandani alimfanya Loice apake sanamu ya mwisho mbele yake, ya bibi mmoja wa Nyansiongo, akimwelekeza kwa maneno tu, na ukope wa juu ulipokaa sawasawa alisema basi, huyo amefungua macho, sasa mnaweza kunipeleka nyumbani. Hakufika nyumbani. Alilala usingizi siku ya Alhamisi tarehe 10 Novemba 1977, saa kumi alasiri, mumewe Nyasani akiwa amemshika mkono, marehemu akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa na miezi minane. Tunasikitika, na hatuoni haya kusema kwamba tunasikitika, lakini hatulii kama watu wasio na tumaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii, ambao walimwekea meza karibu na dirisha bila kuuliza kwa nini mgonjwa anataka mwanga, inawashukuru majirani waliochuma chai yake kwa miezi miwili ili isizeeke shambani, akina mama wa kanisa waliolala hapa na sisi, wenzake kazini, Bwana Momanyi na wachongaji wa Tabaka, walimu, wafanyakazi wa kituo cha majani chai, na wote ambao majina yao hayamo katika karatasi hizi kwa sababu shemeji aliambiwa akome.

Limebaki neno moja. Leo asubuhi mwalimu mkuu ametuletea kutoka ofisini kile kisanamu cha Mzee Ogari, ili kiwe karibu na jeneza wakati wa ibada, na sisi wana tulikiweka kwa uangalifu, macho yakielekea upande wa wageni, yasimwangukie mkamwana, kama desturi inavyotaka. Mama Nyanchera, ambaye haoni tena, aliomba aongozwe hadi pale, akakipapasa, pua, masikio, ndevu, akauliza Abigael yuko upande gani, akaambiwa. Akasema, "Mgeuzeni." Mzee mmoja alitaka kueleza habari ya chinsoni, na mama akamjibu kwamba chinsoni ni ya walio hai, hawa wawili wameishika vizuri bila kukosea hata mara moja, wakaimaliza, na kwamba Mzee alimtazama yeye kwa miaka yote ile kwa sababu ya mtoto huyu, basi sasa na amtazame aliyempa macho. Tumemgeuza, kama mnavyomwona.

Mama Loice, shemeji yetu, mwalimu wa macho yetu, pumzika kwa amani hadi asubuhi ile ya ufufuo, na utakapoamka, usigeukie ukutani, inua uso wako, baba anakutazama.